Safu ya Maelezo

Paa la masjala linavuja juu ya rafu ya kumi na moja,
ndiyo maana nimeitwa Jumamosi
na ndoo, na kamera ya ofisi,
na glavu za kufulia nilizonunua Kiusa njiani.
Bwana Utumishi alisema kwenye simu: anza na vilivyolowa.

Kilicholowa zaidi ni daftari la jalada la ngozi,
mgongo umeliwa na mchwa hadi kwenye uzi.
Mwandiko umelala upande mmoja
kama migomba baada ya upepo wa Machi.
Safu sita. Namba. Jina. Umri.
Mwenyewe.
Thamani kwa rupia.
Maelezo.

Mwenyewe. Nilidhani ni mtu mwenyewe,
yule aliyesimamishwa mbele ya meza,
miguu ina vumbi la njia ya Kahe.
Nilipiga picha kurasa tatu nzima
kabla sijaelewa kwamba mwenyewe ni mwingine,
na kwamba amekaa.

Feruzi, kijana, rupia arobaini.
Majuto, mtu mzima, sitini, ajua kusuka ukili.
Faida, kadiri ya miaka tisa.
Nani humwita mtoto Faida
kama si aliyekwisha kupiga hesabu?
Mama yake alimwita vingine, Ugweno huko labda,
Nakijwa, Nambike, sijui,
jina la bibi aliyemtangulia;
ila safu ya mama haikuchorwa.
Rula ilikuwepo. Nafasi ilikuwepo.
Ukingo wa kulia wa kila ukurasa ni mweupe,
upana wa vidole vitatu.

Ukurasa wa thelathini na nne wino unabadilika.
*Amepewa hati. Yu huru.*
Mkono uleule, mteremko uleule,
kama anayeandika kwamba ng'ombe amepona ndigana.
Na chini yake, herufi ndogo zinazopanda pembeni:
*Gharama ya hati hana. Atailipa kwa kazi,
shamba la mkonge, miezi saba.*

Nilihesabu miezi kwa vidole, ndani ya glavu.
Saba. Mpaka mvua ya vuli.

Mzee Kyara mlinzi akaleta chai na kiporo cha kiburu.
"Unasoma nini, mama, mpaka chai inapoa?"
Nikamwambia, orodha ya watu.
"Wa mradi gani?"

Kitambulisho kinachoning'inia shingoni mwangu
kinasema Zamzam Feruzi, Msaidizi wa Kumbukumbu.
Kwetu Njoro bibi alipoulizwa asili yetu
alijibu: sisi ni wa hapahapa, kula.
Humu ndani kina Feruzi ni wanne.
Mmoja alitoroka. Mmoja kaandikwa *marehemu*, bila tarehe.
Wawili walipewa hati siku moja,
na karani, ili asiwachanganye,
akamwita wa pili Feruzi Mfupi.
Baba yangu alikuwa mfupi.
Hilo si ushahidi. Nusu ya Moshi ni wafupi.

Saa tisa nikaanza kuingiza kwenye kompyuta.
Mfumo unauliza: aina ya jalada?
Nichague: Ardhi, Kodi, Mifugo, Watumishi, Mengineyo.
Kibandiko cha kale mgongoni, kilichobaki nusu,
kinasema *Mali mbal*
na hapo mchwa wakashiba.

Nikachagua Mengineyo. Nikarudi. Nikafuta.
Nikaenda kumwaga ndoo.

Kisanduku cha mwisho kina nyota nyekundu, lazima kijazwe:
mmiliki wa kumbukumbu hii.
Nikaandika: Wenyewe.
Mfumo ukagoma, ukataka jina la taasisi.
Nikaandika tena: Wenyewe.
Ukagoma.
Tone likaangukia meza, karibu na Faida,
nikamsogeza kwa mikono miwili,
nikavua glavu kwanza.